Ashwagandha kwa mtu anayetumia dawa za tezi na presha: niendelee au niache?

Mhasibu wa Dodoma:

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri wa wenye ujuzi, hasa wafamasia na wauguzi, kuhusu vidonge vya ashwagandha, mmea wa tiba wa Kihindi, ambavyo nimekuwa nikivitumia kwa ajili ya msongo wa mawazo na kukosa usingizi.

Mimi ni mwanamke wa miaka 47, mhasibu katika ofisi ambayo kila mwisho wa robo mwaka hesabu hutukalia shingoni. Miaka kadhaa iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa rovu, na tangu hapo nameza levothairoksini, yaani homoni ya tezi ya shingo, mikrogramu 100 kila asubuhi. Natumia pia amlodipini miligramu 5 kwa ajili ya presha. Usingizi ulianza kunipaa mwaka jana: sisinzii kabla ya saa saba usiku, na nikishasinzia naamka saa tisa na nusu kama mtu aliyeitwa, kisha nageukageuka kitandani nikipiga hesabu za ofisi, za ada na za mafundi mpaka adhana ya alfajiri.

Mpwa wangu anayefanya kazi Muscat alipokuja likizo aliniletea kopo la vidonge hivi, akasema wenzake wa Kihindi huvitumia na hulala vizuri. Lebo inasema kila kidonge kina miligramu 600 za dondoo la mzizi lenye withanolaidi, yaani kemikali kuu za mmea huo, asilimia 5. Nameza kimoja usiku. Mwanzoni nilihisi utulivu ambao sikuwa nao kwa muda mrefu, na hata mabishano ya ofisini hayakunichoma kama zamani. Sasa mambo yamebadilika. Nikilala moyo unaenda mbio, viganja vinatoka jasho, uzito umepungua kidogo bila kujinyima chakula, na usingizi umerudi kuwa wa mang'amung'amu kama mwanzo. Mwenzangu mmoja ananiambia kwamba mwili ndio unazoea, nivumilie mpaka kopo liishe.

Je, dawa hii ina ushahidi wowote wa kitaalamu, au ni maneno ya wauzaji? Inagombana na dawa ninazotumia? Na ikiwa hainifai, kuna kitu kingine cha asili kinachoweza kunisaidia bila kuniongezea vidonge vya hospitali?

Mfamasia, Mwanza:

Dada, nianze na la haraka: vidonge hivyo viache leo, usisubiri kopo liishe, lakini usiguse dozi ya levothairoksini wala ya amlodipini mpaka daktari wako aone majibu ya damu. Moyo kwenda mbio, viganja kutoa jasho, uzito kupungua na usingizi kukatika ni dalili ambazo mfamasia akizisikia kwa mtu anayemeza homoni ya tezi ya shingo, jambo la kwanza atakalolifikiria ni kwamba homoni imezidi mwilini. Amlodipini nayo inaweza kumfanya mtu ausikie moyo wake ukidunda, ila ikiwa umeitumia muda mrefu bila tatizo hilo, siielekezei kidole cha kwanza. Ukipata maumivu ya kifua, ukikosa pumzi au ukihisi kutaka kuzimia, nenda hospitali usiku huohuo.

Sasa nikujibu kuhusu ushahidi, kwa sababu si kweli kwamba ni maneno matupu ya wauzaji. Ashwagandha, ambayo jina lake la kisayansi ni Withania somnifera, imejaribiwa kwa watu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021 ulikusanya majaribio 5 yenye watu 400 na ukaona kwamba waliopewa dondoo walilala vizuri zaidi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Tofauti yenyewe ilikuwa ndogo, na ilionekana zaidi kwa waliokuwa na tatizo halisi la usingizi, waliotumia kuanzia miligramu 600 kwa siku, na walioendelea kwa wiki 8 au zaidi. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wala dawa nyingine, ningemwambia ajaribu kwa muda mfupi akipenda, huku akijua kwamba majaribio mengi hayakuzidi miezi mitatu.

Wewe hauko katika kundi hilo. Mwaka 2018 lilichapishwa jaribio lililofanyika India kwa watu 50 ambao tezi zao zilikuwa zimelegea kidogo. Waliopewa miligramu 600 za dondoo la mzizi kwa siku kwa wiki 8 walipanda homoni za tezi, T3 na T4, na TSH yao, yaani homoni ya ubongo inayoiamrisha tezi ifanye kazi, ikashuka. Kwa mtu mwenye tezi iliyolegea asiyetumia dawa, hiyo inaweza kusikika kama habari njema. Kwa mtu ambaye daktari ameshampimia dozi ya homoni mpaka ikakaa sawa, ni sawa na kuongeza chumvi kwenye mchuzi uliokwisha kukolea.

Nina maswali mawili. Ulipofanyiwa upasuaji, tezi yote ilitolewa au upande mmoja? Ikiwa yote ilitolewa, hakuna kilichobaki cha kuchochewa, na itabidi tutafute sababu mahali pengine, ikiwemo dozi yenyewe kuwa kubwa mno. Swali la pili: ugeuze kopo usome maandishi madogo ya ubavuni. Watengenezaji wengi huongeza piperini, yaani kiini cha pilipili manga, ili dondoo lifyonzwe vizuri. Kiini hicho hakichagui cha kusaidia, kwani kimeonekana kuongeza kiwango cha dawa nyingine katika damu, zikiwemo propranololi ya presha, fenitoini ya kifafa na theofilini ya pumu.

Kwa vyovyote vile nenda ukapime TSH na T4 huru wiki hii, kisha urudie baada ya wiki 6 hadi 8 tangu uache ashwagandha, maana TSH huchelewa kutulia. Na jiulize pia TSH yako ilipimwa lini mara ya mwisho. Umesema usingizi ulianza kukupaa mwaka jana, kabla ya kopo hili kufika. Inawezekana kabisa kwamba dozi yako ya asubuhi ndiyo iliyokuwa ikikukesha, nawe ukatafuta dawa ya kutibu dawa.

Jani Kijani, Nairobi:

Mimi nauza mimea tiba na nimesoma jibu la ndugu mfamasia kwa makini, lakini naona limemtia dada hofu kuliko inavyostahili. Wahindi wametumia mzizi huu tangu enzi za mababu katika tiba yao ya Ayurveda, na huwachemshia hata wazee katika maziwa. Mmea wenyewe si mgeni kwetu: ukitembea Kajiado na sehemu nyingine kame za Kenya na Tanzania utauona kando ya maboma, mfupi, wenye matunda mekundu yaliyofunikwa na ganda jembamba kama karatasi, na wafugaji wanaujua kama dawa. Kitu kilichokaa na watu muda wote huo hakiwezi kugeuka sumu kwa sababu tu kimetiwa kwenye kopo.

Wateja wangu wengi wanaotumia dawa za presha hawajanilalamikia. Ushauri wangu kwa dada ni apunguze dozi iwe nusu na ahamishie asubuhi, kwa sababu wapo watu ambao mwili huchangamka badala ya kutulia wakimeza usiku. Dawa za hospitali za usingizi nazo zina madhara yake, tena mtu huzizoea akashindwa kuziacha, jambo ambalo sijaliona kwa ashwagandha.

Mfamasia, Mwanza:

Ndugu Jani Kijani, nakubaliana nawe kuhusu vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu. Vinazoeleka, na simpendekezei dada huyu. Mmea pia ni kama ulivyoueleza, nami nimeuona.

Tunapotofautiana ni hapa. Mzizi uliochemshwa katika maziwa si sawa na dondoo lililokolezwa kiwandani mpaka withanolaidi zikafika asilimia maalumu. Zaidi ya hapo, kuna watengenezaji wanaochanganya majani kwa sababu ni rahisi kuyapata kuliko mizizi, ilhali majani yana withaferini A nyingi kuliko mzizi, na kemikali hiyo huua seli. Mwaka 2020 madaktari walichapisha taarifa za wagonjwa 5, watatu wa Iceland na wawili wa Marekani, walioumia ini baada ya kutumia ashwagandha kwa wiki 2 hadi 12. Walipata macho ya njano na kuwashwa mwili mzima. Wanne vipimo vyao vya ini vilirudi sawa baada ya kuacha, ndani ya mwezi 1 hadi 5, na wa tano hakufuatiliwa hadi mwisho. Denmark, kwa upande wake, iliupiga marufuku mmea huu katika virutubisho mwaka 2023, kwa hofu ya athari zake kwa homoni za tezi na za uzazi na kwa mimba. Wapo wanaoona kwamba Denmark ilikaza mno, na mimi siko mbali nao. Ila mjamzito, mtu mwenye ugonjwa wa ini, na mtu wa tezi kama dada yetu, hawa siwauzii hata wakiomba.

Kuhusu kukata dozi nusu: mtu ambaye moyo unamwenda mbio hapunguziwi kinachoshukiwa, anaondolewa. Na mteja ambaye hajalalamika huenda hajapimwa.

Bibi wa Wete:

Asalaam aleykum wanangu. Mimi si daktari, ila nimelea watoto na wajukuu, na kwetu Pemba mtu asiyepata usingizi hapewi kopo. Huchemshiwa maziwa, yakatiwa kungumanga iliyoparwa hapo hapo na hiliki moja iliyopondwa, akanywa akiwa ameshasali Isha na ameshaoga maji ya uvuguvugu. Wengine hunywa mchaichai mtupu, usiotiwa majani ya chai. Mwanangu wa Dodoma, ungejaribu hayo kabla ya mambo ya Muscat. Lakini kungumanga isizidi. Wakati wa utoto wangu tulimjua kijana aliyeitafuna nzima kwa ubishi, akawa anaongea na ukuta mpaka siku ya pili.

Muuguzi wa afya ya akili, Arusha:

Shikamoo Bibi. Tahadhari yako ya mwisho ni ya kweli kabisa, na nianze nayo kwa sababu wengi hudhani kiungo cha jikoni hakina kipimo. Kungumanga ina kemikali iitwayo miristisini. Ile iliyoparwa kidogo juu ya kikombe haina shida, lakini kuanzia takribani gramu 5, ambazo zinaweza kupatikana katika kokwa moja tu, mtu anaweza kupata kinywa kikavu, moyo kwenda mbio na kuona mambo yasiyokuwepo. Dalili huanza saa kadhaa baadaye, hivyo asiyejua huongeza akidhani haijafanya kazi. Kwa dada ambaye moyo tayari unadunda, hata hiyo kidogo ningeiacha kwa sasa.

Mchaichai nao wataalamu wa Brazil waliupima na kuchapisha matokeo mwaka 1986, wakawapa watu chai yake na kulinganisha na kinywaji kisicho na mmea huo, na hawakuona tofauti katika usingizi wala wasiwasi. Hawakuona pia madhara. Kwa hiyo, dada, kunywa ukiupenda, kwani kikombe cha moto kisicho na kafeini saa mbili usiku ni bora kuliko chai ya rangi, ila usiutarajie kuwa dawa.

Umeuliza kitu kingine cha asili. Vile vikopo vya kutuliza vyenye mchanganyiko wa mimea mingi, naomba uviogope zaidi kuliko hicho ulicho nacho, hasa vyenye mmea ulioandikwa St John's wort kwenye lebo. Mmea huo huliamsha ini livunje dawa nyingine haraka, na umeshadhoofisha ARV na vipandikizi vya uzazi wa mpango. Valeriani haina ugomvi wa namna hiyo, lakini chama cha Marekani cha wataalamu wa tiba ya usingizi katika mwongozo wake wa mwaka 2017 hakikuipendekeza kwa tatizo sugu la usingizi, kwa sababu faida yake ilikuwa hafifu.

Tiba ambayo ina ushahidi kuzidi vyote vilivyotajwa hapa haimo kwenye kopo. Chama cha madaktari bingwa wa Marekani, ACP, kiliielekeza mwaka 2016 kuwa ya kwanza kwa mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi, yaani kabla ya kidonge chochote. Ni tiba ya kubadili mwenendo na fikra zinazohusu usingizi, na inaweza kuanzia nyumbani kwako, ingawa kwa mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa akili unaompandisha na kumshusha, au dereva wa masafa marefu, isifanywe bila msimamizi. Nieleze jinsi tunavyoifanya.

Chagua saa moja ya kuamka, tuseme saa kumi na moja na nusu, na uishike siku zote, hata Jumapili, hata kama umelala saa mbili tu. Kisha hesabu usingizi unaoupata kwa kweli. Wewe unasema unasinzia saa saba na kuamka saa tisa na nusu, halafu unabaki kitandani mpaka alfajiri. Saa nyingi za kitanda chako ni za kuhesabu ada, na mwili umejifunza kwamba kitanda ni meza ya ofisi. Kwa hiyo usipande kitandani saa nne kwa matumaini. Panda saa sita, na usipungukiwe na saa tano kitandani kwa jumla. Ukiona umekaa macho kwa kitu kama robo saa au zaidi, bila kutazama saa, inuka uende sebuleni, ukae kwenye mwanga hafifu na kazi ya mkono isiyo na maana kubwa, kama kukunja nguo au kuchambua mchele, mpaka macho yawe mazito. Simu ibaki chumba kingine. Usingizi ukianza kushikamana, unasogeza saa ya kupanda kitandani nyuma kwa robo saa kila wiki.

Nakuonya kwamba siku za mwanzo utachoka kuliko sasa, na hapo ndipo wengi huacha. Watu wengi huona mabadiliko ndani ya wiki chache, ikiwa hawalipizi usingizi mchana.

Hesabu za usiku zipewe muda wake. Saa kumi na mbili jioni kaa na daftari, andika kila linalokusumbua na hatua moja ya kesho kwa kila jambo, hata ikiwa hatua yenyewe ni kumpigia fundi simu. Mhasibu hahitaji kufundishwa faida ya kufunga vitabu jioni. Na ikiwa mawazo yenyewe yamegeuka huzuni isiyoondoka, kukata tamaa au kutoona sababu ya kuishi, hiyo ni sonona, ambayo haiponi kwa ratiba ya kitanda na inahitaji daktari.

Jambo moja halijatajwa na wanaume waliotangulia. Dada ana miaka 47. Kuamka saa tisa usiku na jasho, moyo ukidunda, ni malalamiko ninayoyasikia kila wiki kwa wanawake wanaokaribia kukoma hedhi. Ikiwa hedhi zako zimeanza kuruka au joto linakupanda ghafla hata mchana, mwambie daktari pamoja na hayo ya tezi, kwa sababu yanafanana mno na huweza kutokea yote mawili kwa pamoja.

Mhasibu wa Dodoma:

Nawashukuru sana, na Bibi, shikamoo. Nimeviacha vidonge tangu niliposoma jibu la kwanza. Tezi ilitolewa upande mmoja tu. Nimegeuza kopo, na kweli ubavuni wameandika piperini miligramu 5, kwa maandishi ambayo nimelazimika kuyasoma kwa kamera ya simu. TSH yangu ilipimwa mara ya mwisho miaka miwili iliyopita. Niliambiwa iko vizuri, nikawa najaza dawa tu bila kurudi. Hedhi zimeanza kuruka, ndiyo.

Nina miadi ya maabara keshokutwa asubuhi. Je, niende na lebo? Na je, kuna kitu kingine cha kuacha kabla ya kipimo? Mbali na dawa hizo natumia vidonge vya nywele na kucha tu, ambavyo nimeona vina bayotini mikrogramu 5,000, na sikuvitaja kwa sababu ni vitamini.

Mfamasia, Mwanza:

Nimefurahi umevitaja, maana vingetuharibia kipimo. Bayotini kwa kiwango hicho huingilia mashine nyingi za kupima homoni, zikaonyesha TSH iko chini na T4 iko juu hata kama tezi haina tatizo. Daktari akiona majibu hayo na kusikia dalili zako, angepunguza levothairoksini kwa kosa. Acha vidonge vya nywele leo na usipime kabla ya siku mbili kamili kupita, kwa hiyo sogeza miadi yako siku moja mbele ili uwe na uhakika, kisha mwambie mtu wa maabara kwamba ulikuwa ukivitumia na uliacha lini. Siku ya kipimo toa damu kwanza, ndipo umeze levothairoksini.

Nenda na makopo yenyewe, yote mawili. Dawa inayoletwa kwenye begi kutoka nje haijapita TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, wala Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, hivyo lebo hiyo ndiyo maelezo pekee atakayokuwa nayo daktari. Mwombe apime pia ini, kwa kuwa damu itakuwa imeshatolewa. Kabla ya hapo, ukiona mkojo umekuwa na rangi ya chai ya rangi, macho yana njano, au mwili unawasha bila upele, usisubiri miadi.